Simu ya ofisi mkononi mwako: nani bado ana ufunguo?

(Muziki wa kipindi unaingia, unashuka polepole.)

Hamjambo akina mama mlioko shambani, hamjambo vijana wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo. Na ninyi mnaosikiliza kwa kikundi, watu kumi redio moja, karibuni. Kama mnayo karatasi ya kipindi hiki, anayejua kusoma awasomee wengine.

Leo tunaongea juu ya simu. Si ile mpya ya dukani, ni ile iliyokwisha kutumika, simu ya mtumba, na zaidi ile iliyokuwa simu ya kazi. Kampuni, benki au shirika lilimpa mfanyakazi wake, ikazunguka, ikafika sokoni, sasa iko mfukoni mwako. Maswali yenu juu ya simu hizi yamekuwa mengi. Mmoja ameandika: "Nimenunua simu Kampala. Nikitaka kuweka programu inakataa, inasema msimamizi hajaruhusu. Msimamizi gani? Simu ni yangu." Mwingine ameuliza: "Fundi anasema hiyo loki anaitoa kwa shilingi 40,000. Nimpe?"

Ndiyo sababu leo nazungumza nikiwa Kampala, mtaa wa Kamwokya. Simu nyingi mlizotuandikia zilitoka huku, na wengi wetu tukipanda basi kutoka Mbarara, huku ndiko tunakofikia kwa shangazi au kwa binamu. Ambao hamjafika, niwaeleze kidogo. Kuna barabara ya Kira. Upande mmoja ni soko la Kamwokya, nyumba zilizobanana, vibanda vya mabati, mafundi wa simu wenye meza zao na miwani yao ya kukuza. Ukiinua macho upande wa pili unaona kilima cha Kololo, cha balozi na ofisi za mashirika na nyumba zenye walinzi. Kutoka huko juu mpaka hapa sokoni ni mwendo mfupi wa miguu, na simu nazo hushuka njia hiyohiyo.

Zinashukaje? Wakati mwingine kwa njia safi: ofisi imenunua vifaa vipya, vya zamani imeviuza na risiti ipo. Wakati mwingine mfanyakazi amemaliza mkataba, hakuna aliyemdai simu, akaiuza. Na wakati mwingine mtu alikuwa anaongea kando ya barabara, boda boda ikapita, simu ikaenda nayo. Zikishawekwa mezani, zote tatu zinafanana. Kioo kinang'aa, betri inashika, bei inavutia.

Sasa hiyo loki ni kitu gani? Wengi wanadhani ni ugonjwa wa simu, kama spika iliyokufa au tundu la chaji lililolegea, kwamba fundi hodari atauponya. Sivyo. Fikiria umepangishwa nyumba na mtu asiyekuwa mwenye nyumba. Umelipa, umeingiza magodoro, watoto wamelala. Lakini mwenye nyumba halisi yuko, na ana ufunguo wake. Siku akija atafungua mlango bila kukugongea. Ofisi inapompa mfanyakazi simu, huifunga kwa programu ya usimamizi. Mtu wa kompyuta wa ofisi, akiwa amekaa kwenye kiti chake, anaweza kuamua programu gani ziingie na zipi zisiingie. Anaweza kuifunga simu kwa mbali. Anaweza kufuta kila kitu kilichomo. Na kwa jinsi ofisi ilivyopanga, anaweza hata kuona simu iko wapi.

Hapo kwenye "iko wapi" naomba tusimame kidogo. Baadhi yetu tulitoka nyumbani kwa sababu kuna watu hatutaki wajue tuliko. Sisemi kwamba mtu wa kompyuta wa benki fulani ana shida na wewe. Hakujui. Lakini umebeba kifaa ambacho mtu usiyemjua anaweza kukiuliza kilipo, na kikamjibu. Wengi mmeuliza kama anasoma pia WhatsApp yako. Usimamizi wa kawaida haumfungulii jumbe zako za WhatsApp. Ila anaweza kuingiza programu nyingine katika simu bila kukuomba ruhusa.

Loki hizi si za aina moja, na hapa ndipo mafundi wanapotuchanganya.

Ya kwanza ni nyepesi. Kwenye simu za Android kuna kitu kama mkoba wa kazi ndani ya simu ya mtu binafsi. Utaona programu zingine zimejirudia mara mbili, na moja ina alama ndogo ya mkoba. Hapo simu ilikuwa ya mtu mwenyewe, ofisi iliweka tu mkoba wake ndani. Aliyekuuzia anaweza kuuondoa mbele yako: anaingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, anachagua kuondoa wasifu wa kazi. Vitu vya ofisi vinafutika, simu inabaki. Hii isikuumize kichwa, mradi yeye mwenyewe aitoe, na kabla hujalipa.

Ya pili ni ya akaunti. Tangu 2013 simu za iPhone zina ulinzi unaoshikamana na akaunti ya mwenye simu, na Android ikafuata mwaka 2015. Ukiifuta simu yote bila yeye kutoa akaunti yake, ikiwaka inakuuliza barua pepe na neno la siri la yule wa kwanza. Kama muuzaji ndiye mwenye simu, ataandika neno lake pale pale. Akianza kukuambia eti amelisahau, eti ni la shemeji yake aliyeko Dubai, wewe rudisha pesa mfukoni.

Ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo hasa ya wale walioniandikia. Hapa simu nzima ni ya ofisi. Namba zake zimeandikishwa kwenye orodha ya kampuni huko kwa mtengenezaji: Samsung wana orodha yao, Apple wana yao, Google wana yao. Haijaandikwa ndani ya simu peke yake, kwa hiyo ukifuta simu hujafuta orodha. Unairudisha kama ilivyotoka kiwandani, unafurahi, imekuwa mpya. Unaiunganisha na intaneti. Simu inauliza kule ng'ambo, "mimi ni wa nani?" Inajibiwa, "wewe ni wa kampuni fulani." Loki inarudi kama ilivyokuwa jana.

Niliketi na fundi mmoja hapa, Mkongomani mwenzetu, na tuliongea Kiswahili chetu. Nikamuuliza, "Kaka, hii loki ya ofisi unaitoaje?" Akacheka. Akaniambia, "Ndugu yangu, siitoi. Naifumba mdomo." Anaiunganisha simu na kompyuta, anaizimisha ile programu ya usimamizi, halafu anafunga njia ya simu kujiboresha, isipate toleo jipya. Nikamuuliza inakaa muda gani. "Wengine miezi. Wengine mpaka jioni." Na mteja unamwambia hivyo? Akaangalia pembeni, akaanza kuhudumia mama aliyeleta simu ya vibonye.

Mimi simlaumu sana. Anatafuta chakula cha watoto kama sisi sote, na wateja wenyewe hawataki jibu refu. Lakini ninyi mnapaswa kujua mnachonunua kwa hizo 40,000. Mnanunua muda, na hakuna anayeweza kuwaambia ni muda gani.

Mafundi wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanatoa programu nzima ya simu na kuweka nyingine kutoka kwenye intaneti. Kwenye Samsung nyingi, ukiweka programu isiyo ya kampuni kuna kitu kidogo ndani kama fyuzi kinachoungua, na hakirudi tena hata ukirudisha programu ya asili. Baada ya hapo huduma zingine za usalama zinakataa kufanya kazi kwenye simu hiyo maisha yake yote, na programu nyingi za benki zikigundua simu imechezewa zinajifunga. Na ile programu mpya fundi ameitoa wapi? Nani aliitengeneza? Umemfukuza mwenye nyumba mmoja ukamkaribisha mwingine usiyejua hata jina lake.

Kuna mama mmoja wa Rubondo aliniruhusu nieleze habari yake, ila jina nisilitaje. Mpwa wake alimnunulia simu hapa Kamwokya, nzuri, iliyokuwa ya ofisi, loki imeshatolewa na fundi. Aliitumia miezi minne. Ndani yake alikuwa na picha za karatasi zake zote, namba za dada zake wawili waliobaki upande wa Goma, na sauti za mume wake alizokuwa anamtumia kabla hajapotea njiani. Alfajiri moja simu ilijiwasha upya yenyewe. Ilipomaliza, haikuwa na kitu. Iliandika tu kwamba ni mali ya kampuni fulani na kwamba wasiliana nayo. Ile simu ilikuwa imepata toleo jipya usiku, ikaitika ofisini, na ofisini ilikuwa imeandikwa kama simu iliyopotea, ikangojewa. Kwa mtu wa kompyuta wa ofisi ile, alifanya kazi yake vizuri: simu iliyopotea imefutwa, siri za wateja ziko salama. Hakujua kwamba kuna sauti za mtu mle ndani.

Wataalamu niliowauliza walinipa jibu moja: kilichofutwa kwa njia hiyo hakirudi. Namba za dada zake alizipata baadaye kwa jirani aliyekuwa ameziandika. Sauti hazikupatikana.

(Muziki mfupi.)

Basi tuje kwenye kununua. Umesimama mbele ya meza, soko linapiga kelele, muuzaji anakuambia kuna mtu mwingine anaitaka hiyo simu, harakisha. Usiharakishwe. Piga nyota, reli, 06, reli, yaani *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, ndiyo IMEI, jina la simu duniani. Kama simu ina laini mbili utaona namba mbili. Linganisha na iliyoko kwenye boksi au risiti. Zikitofautiana, ondoka. Halafu fungua mipangilio, upande wa usalama na faragha, usome taratibu. Kwenye iPhone angalia juu kabisa pale mipangilio inapoanza. Ukiona maneno yanayosema simu inasimamiwa, au neno la Kiingereza organization, au jina la kampuni yoyote, jua kuna mwenye ufunguo.

Lakini kuangalia tu hakutoshi, kwa sababu nimewaeleza loki inaweza kufumbwa mdomo. Kipimo cha kweli ni kimoja. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako, airudishe kama ilivyotoka kiwandani, kisha muiunganishe na intaneti, mngoje mpaka ifike kwenye ukurasa wa kwanza wa kuanza kazi. Inachukua kama dakika 15 au 20, zaidi kama intaneti ni ya kuvutavuta. Nunua bando dogo mwenyewe kama muuzaji analalamikia data. Simu isiyo na mwenyewe itakusalimia na kukuuliza lugha na akaunti yako, basi. Simu yenye mwenyewe itamtaja. Na muuzaji akikataa kuifuta, "ssebo, hii simu imeshatengenezwa, usiiguse mipangilio," hapo amekwisha kukujibu.

Omba risiti. Hata ya mkono, yenye jina la muuzaji, mahali anapouzia, tarehe, bei na hiyo namba ya IMEI. Najua sokoni watu wanacheka ukiomba risiti ya simu ya mtumba. Acha wacheke. Laini yako umeisajili kwa kadi yako ya ukimbizi au barua ya OPM, si ndiyo? Ukiitia kwenye simu, mtandao unajua laini ya fulani iko ndani ya simu namba fulani. Kama simu iliripotiwa polisi kuwa imeibwa, jina linalotokea si la mwizi, ni lako. Na sheria ya jinai ya Uganda haimshiki mwizi peke yake, inamshika pia anayepokea kitu akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni cha wizi. Simu yenye jina la kampuni kwenye kioo, iliyouzwa kwa nusu ya bei bila karatasi, ni vigumu kusimama mbele ya ofisa ukasema hukuwa na sababu ya kushuku. Tena kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, inayokataza kuingilia kifaa bila idhini ya mwenyewe. Kwa mkimbizi, kesi ndogo inakuwa kubwa haraka. Ninyi mnajua.

Je, kama umeshanunua? Hapa wengi mnaogopa, mnaificha simu chini ya godoro. Nisikilizeni. Kwanza toa vitu vyako leo, kabla ya jambo lolote lingine: namba, picha, sauti. Halafu rudi kwa muuzaji kwa upole ukiwa na mtu mzima mwenzako, mwambie simu ina usimamizi wa kampuni, aikomboe au akurudishie pesa. Kama aliinunua kwa njia safi, anaye mtu wa kumuuliza, na mtu huyo anaweza kuiandikia ofisi. Ofisi ikikubali kwamba iliuza simu ile, mtu wa kompyuta anaitoa kwenye orodha. Ni kazi ya dakika chache kwake, hakuna fundi, hakuna waya, na baada ya hapo ukiifuta simu inakuja safi kweli. Kwa loki ya aina ya tatu, ndiyo njia pekee inayoitoa.

Kama kioo kimeandika jina na namba ya ofisi, unaweza pia kuwasiliana nao. Kabla hujapiga, mweleze mwenyekiti wako au ofisa wa ulinzi, ama mtu wa msaada wa sheria aliyeko karibu nawe, muende pamoja kwa neno moja: nilinunua mahali fulani, tarehe fulani, risiti hii. Wanaweza kuikomboa. Wanaweza pia kusema ni ya wizi na kuitaka, na hapo pesa yako imepotea. Inauma. Ila umerudisha mwenyewe, ukiwa na mashahidi, na hiyo ni tofauti sana na kukutwa nayo.

Sasa kuna kundi lingine ambalo hatulisemi, nalo ni sisi wenyewe. Wahamasishaji, wahudumu wa afya wa vijiji, wakalimani, vijana wa kuhesabu watu, wangapi wamepewa simu au tableti na shirika? Mradi unakwisha, ofisa amehamishwa, simu imebaki kwako, mwaka umepita. Unaiuza kwa jirani. Jirani ndiye atakayepata ile alfajiri niliyoieleza. Kama shirika limekuachia simu, omba waandike karatasi kwamba wamekupa, na waitoe kwenye usimamizi wao mbele ya macho yako. Na ninyi wa mashirika, najua mnasikiliza, maana kipindi hiki kinasambazwa kwa karatasi mpaka kwenye meza zenu: msigawe vifaa vya zamani mkijipongeza kuwa mmesaidia, huku ufunguo mmeuacha kwenye kompyuta ya Kampala. Simu ya zawadi yenye loki ni mzigo.

Za mkopo nazo ziko. Kampuni kama M-KOPA zinauza simu Uganda kwa malipo ya kidogo kidogo, na malipo yakisimama simu inajifunga. Hiyo ni makubaliano ya aliyekopa. Tatizo ni yeye kukuuzia kabla hajamaliza. Mwulize, akuonyeshe ujumbe wa kumaliza deni.

Jambo la mwisho ni la pesa. Wengi mnapokea msaada au pesa za ndugu kwa simu. Kama unatumia simu ya mtumba usiyoiamini, usiiwekee laini ya pesa. Nunua kasimu ka vibonye, utie laini hiyo humo. *165# ya MTN na *185# ya Airtel zinafanya kazi kwenye simu ya vibonye kama kawaida, hazihitaji intaneti. Simu kubwa ibaki ya WhatsApp na picha. Ikifungwa, umepoteza simu, hukupoteza chakula cha mwezi.

Na leo jioni, kabla giza halijaingia, chukua daftari la mtoto, ukurasa wa nyuma. Andika namba za watu watano usioweza kuwapata kwa njia nyingine. Andika na jina la mahali walipo, na jina la jirani yao. Picha za karatasi zako zitume kwa mtu unayemwamini mwenye simu nyingine, naye akutumie zake. Zile sauti za WhatsApp unazozitunza, mtumie na ndugu mmoja azitunze.

Maswali yenu mwendelee kuyaleta kwa wahamasishaji wa kipindi katika kila zoni, kwa maandishi au kwa mdomo. Waliouliza juu ya kusajili laini kwa barua ya OPM, mtapata jibu lenu wiki ijayo, saa hii hii. Nimezungumza nanyi kutoka Kamwokya. Jioni njema.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha mwisho.)